UZI: Stardew Valley ichezeni kama wakusanyaji, pesa itakuja yenyewe (na venye samaki wake walinikalisha na mama mezani)

#1 · Mwenye uzi (Kisumu)

Wadau habari za jioni. Uzi ni mrefu, kama uko kwa matatu shuka kwanza ufike nyumbani ndio usome vizuri.

Naona watu wakiulizana hapa gemu gani inaweza kutuliza kichwa baada ya kazi na majibu yote ni mpira au za kupigana risasi. Mimi nataka kuongea kuhusu Stardew Valley, naicheza kwa simu huu ni mwaka wa pili na bado ikifika saa tatu usiku naisikia ikiniita.

Kazi yangu ni stoo. Duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, misumari kwa kilo, simiti kwa mifuko, mabati ya geji 30 na ya geji 28, nahesabu asubuhi nahesabu jioni na kitabu lazima kilingane, kisipolingana hakuna mtu anaenda nyumbani. Kwa hivyo mke wangu aliniuliza swali la maana kabisa, unatoka kuhesabu stoo ya mtu unakuja kukaa kwa kiti unahesabu viazi vya kwa simu, hapo unapumzika wapi? Ilinichukua muda kupata jibu na ndio sababu ya huu uzi.

Kwa wale hawaijui: unaachiwa shamba na babu yako. Ukifika limejaa magugu, mawe na visiki, na wewe uko na vifaa vichache vya mkono na pesa kidogo. Mwaka uko na misimu 4, kila msimu siku 28. Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi inaisha saa nane usiku, na kwa saa ya ukweli hiyo siku nzima ni kama dakika 14 tu. Unalima, unamwagilia, unafuga kuku na ng'ombe, unaweka mazao kwa sanduku nje ya nyumba na ukiamka pesa imeingia. Unalipa mara moja tu ukinunua, hakuna matangazo, hakuna mahali inakuomba uongeze pesa ndio uendelee, na haihitaji bando ukishaiweka kwa simu. Stima ikipotea mtaa mzima wewe unaendelea kumwagilia.

Na aliyeitengeneza ni mtu mmoja. Eric Barone, wa upande wa Seattle huko Marekani, mtandaoni anajiita ConcernedApe. Alimaliza chuo 2011 akakosa kazi ya kompyuta, akaamua atengeneze gemu ya shamba kama zile za Harvest Moon alizokulia nazo. Zaidi ya miaka 4 akiandika programu peke yake, akichora kila jani peke yake, akitunga muziki wote peke yake, na katikati hapo alikuwa anaelekeza watu viti kwa ukumbi wa maonyesho ndio apate kitu kidogo. Ilitoka tarehe 26 Februari 2016 kwa kompyuta, Android ikaipata Machi 2019. Kufikia Desemba 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 41. Na kila apdeti ameitoa bure, hata ile kubwa ya 1.6 iliyofika kwa simu Novemba 2024. Mimi nikikumbuka hiyo miaka 4 ya kuchora usiku bila kujua kama kuna mtu atainunua, naheshimu sana.

Sasa nifike kwa kitu chenyewe.

Watu wengi wakianza wanaenda kutafuta video za pesa. Panda hiki siku hii, uza hiki, fikisha milioni mwaka wa kwanza. Nilifanya hivyo pia miezi miwili ya kwanza na nilikuwa nalala na kichwa kinauma kama siku ya kufunga hesabu za mwezi. Halafu nikaingia makumbusho.

Kijijini Pelican Town kuna makumbusho ambayo ukifika iko tupu. Meza zimepangwa vizuri na hakuna kitu juu yake. Msimamizi anaitwa Gunther. Ukitaka, unamletea vitu, jumla ni 95, vya kale 42 na mawe na madini 53. Unavipata kwa udongo (ukiona vijiti vidogo vinatingishika chini kama minyoo piga jembe hapo hapo), unavipata ndani ya machimbo, unavipata ndani ya mawe ya duara ambayo mhunzi Clint anakupasulia kwa 25, na wakati mwingine ukivua samaki sanduku linakuja na ndoano. Kila kitu unakipanga mwenyewe mahali unataka. Mimi nilipanga kwa rangi, kijani na kijani, nyekundu na nyekundu. Hakuna tarehe ya mwisho. Hakuna anayekuuliza umefika wapi.

Hapo ndio nilipata jibu la mke wangu. Kule kazini kitu kikiingia kinangoja kutoka, na kitabu changu kazi yake ni kuuliza nini kimepungua. Kwa Gunther kitu kikiingia kimekaa. Ukilala ukiamka kiko pale pale ulipokiweka. Ni hesabu ileile, macho ni yaleyale yanapita kwa meza, lakini moyo uko mahali pengine kabisa.

Na samaki ndio balaa zaidi. Kuvua kwa hii gemu mwanzoni kunakasirisha, kuna kipande cha kijani kinapanda na kushuka na lazima umweke samaki ndani yake mpaka mstari ujae, wiki ya kwanza wote walinitoroka. Mkono ukizoea sasa unaanza kuona kwamba kila samaki ana wakati wake na mahali pake. Kuna wa mto, wa ziwa la mlimani, wa bahari. Kuna wa asubuhi na wa usiku. Pufferfish anataka jua kali, msimu wa joto, saa sita mpaka saa kumi jioni, ukichelewa mngoje kesho. Sturgeon yuko ziwa la mlimani msimu wa joto na wa baridi. Yule mkubwa wa hadithi, Legend, ni ziwa hilohilo la mlimani, msimu wa kwanza wa mwaka, mvua inyeshe, na wewe uwe umefika levo 10 ya uvuvi. Na ukimpata ni mara moja, harudi tena.

Kuna ukurasa unaonyesha samaki wote. Uliowavua wana rangi. Ambao bado ni vivuli vyeusi, unaona umbo tu.

Sasa mama yangu ameuza samaki miaka mingi, alianza na omena kwa gorogoro akapanda mpaka mbuta. Siku moja yuko kwangu, stima imepotea, mimi niko na simu nje kwa baraza. Akaniuliza nafanya nini nikamwambia navua. Akavuta kiti. Ilikuwa mvua kwa gemu na nikamtoa kambare mtoni, mama akacheka akasema, "Huyo ni mumi. Na mumi anatoka mvua ikinyesha. Nani alimwambia huyo mzungu?" Nikamwonyesha wengine. Tukafika kwa tilapia, kwa Stardew tilapia anavuliwa baharini, na mama alikataa kabisa. "Ngege baharini? Nyathina, mwanangu, waandikie barua."

Halafu akaona vile vivuli vyeusi. Akaniuliza hawa ni nini. Nikamwambia ni wale sijawahi kuvua, gemu inajua wako lakini mimi sijawahi kuwaona. Akanyamaza kidogo akasema, "Mimi pia niko na hao."

Akaanza kuwataja. Ningu. Mbiru. Seu. Fwani. Okoko. Na fulu wale wadogo wa kila rangi ambao anasema walikuwa wanajaza beseni, na ngege wa zamani, si huyu nyamami tunakula siku hizi. Mbuta tunayemjua aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na fulu waliokuwa wa aina mamia wengi wakaisha. Nyamami naye aliletwa. Hayo nilisoma shuleni kama mistari kwa daftari, sikuwahi kufikiria mama yangu alikuwa anasimama ufuoni na beseni akiona aina moja moja ikikosa kuja.

Nikachukua kitabu cha mazoezi, nikachora mistari, tukaanza ukurasa wetu. Jina, alipatikana wapi, alikuja wakati gani, mara ya mwisho mama kumwona. Mpaka sasa tuko na majina 14 na bado anakumbuka mengine akiwa anaosha vyombo ananiita niandike.

Nauliza wadau, nyinyi mnacheza vipi? Na kuna mtu amefika 95 kwa Gunther? Mimi niko 94.

#2 · Nakuru

Ndugu uzi mzuri na hiyo ya mama imenigusa, lakini hapo kwa pesa tutakosana. Pesa ndio inafungua hiyo gemu. Mimi tarehe 13 ya msimu wa kwanza niko kwa sherehe ya mayai, nanunua mbegu za stroberi na kila shilingi niko nayo, napanda jioni hiyo hiyo. Ukikaa kuvua vua na kuchimba minyoo bila mpango mwaka wa pili bado unamwagilia na mkebe kila asubuhi, mgongo wa kwa simu unauma. Mimi mwaka wa pili niko na banda la kioo, matunda ya kale mle ndani, mapipa ya mvinyo yanajaza ghala mbili. Hapo ndio nilianza kupumzika. Shamba likijiendesha ndio mtu anakaa chini, hata sisi wa huku Bahati tunajua hivyo.

#3 · Kakamega

Samahani kuingilia, mimi sichezi ila kijana wangu wa miaka 10 ananisumbua nimwekee. Kuna matusi? Kuna kamari? Na itamla muda wa vitabu?

#4 · Mwenye uzi (Kisumu)

Mama wa Kakamega karibu sana. Matusi mazito hakuna. Kuna baa kijijini na watu wanakunywa pombe, kuna mhusika mmoja pombe imemshinda na hadithi yake ni nzito kidogo, hiyo nakuambia ujue mapema. Machimboni unapiga wadudu na vibonge vya ute kwa upanga, hakuna cha kutisha sana. Kamari kuna chumba kimoja jangwani kinafunguka baadaye, pesa ya ukweli haiingii hapo. Kuhusu muda, dawa ni siku. Siku 1 ya gemu ni kama dakika 14 na akilala kitandani mle ndani imejihifadhi, mwambie siku 3 halafu simu irudi. Wangu wa darasa la nne nampa hivyo na halii wala hatugombani, anajua siku ni siku. Tena anasoma sana mle ndani, maneno ni mengi.

Ndugu wa Nakuru, hapo kwa matunda ya kale umenisaidia kabisa. Hiyo mbegu ulitoa wapi? Mbegu ya kale ni moja ya vitu 42 vya Gunther. Ukiipata kavu namna ile haiwezi kupandwa, unampelekea, na yeye ndio anakupa mbegu ya kupandwa pamoja na maarifa ya kutengeneza nyingine. Halafu siku 28 ikue, baada ya hapo tunda kila siku 7, na kwa banda la kioo haijui baridi. Hata hilo banda la kioo la shambani, kama hukuamua kulilipia kwa kampuni ya Joja, unalipata ukijaza vikapu vya mazao kwa chumba kimoja cha ile holi kuukuu ya jamii, yaani kukusanya tena. Mapipa yako ghala mbili yametoka kwa mkono wa mkusanyaji.

Na si hiyo tu. Ukifikisha vitu 60 unapewa ufunguo wa kuingia mfereji wa chini ya mji. Ukimpelekea karatasi 4 za vibete unafundishwa lugha yao na duka la machimboni linakuuzia. Huyu Barone ameficha milango ya gemu nyuma ya meza za makumbusho, na mtu anayekimbia pesa anaipita asubuhi na jioni bila kugonga.

Mimi sisemi usipande stroberi. Mimi napanda, tena nyingi. Ninachosema ni kwamba asubuhi nikiamka kwa gemu nikijiuliza leo nitauza ngapi, niko kazini. Nikijiuliza leo mvua inanyesha nani atatoka mtoni, siko kazini.

#5 · Nakuru

Hiyo ya mbegu ni kweli nilikuwa nimeisahau, niliichimba tu bahati nikampa. Sawa nimekubali nusu. Lakini nikupe kitu na wewe: ukipata yai la dinosaria usikimbie kwa Gunther. Weka kwanza kwa mashine ya kuangulia ndani ya banda la kuku lililopanuliwa, litoke dinosaria, atataga mengine, halafu ndio umpe Gunther moja. Mimi nilingoja mwaka mzima kupata la pili kwa sababu nilipeana la kwanza.

Na nimefungua leo ukurasa wa samaki. Sikuwahi kuufungua. Niko na mvinyo wa mamilioni na vivuli ni vingi kuliko rangi.

#6 · Kisumu, upande wa Dunga

Mwenye uzi, mpeleke mama pale Makumbusho ya Kisumu, si mbali na mjini. Kuna vyumba vya samaki wa ziwa kwa vioo, wako hai, na kuna boma la zamani la Wajaluo limejengwa lote, Ber-gi-dala. Mimi nilipeleka watoto wakasimama kwa kamongo nusu saa hawataki kutoka.

Kuhusu 94, unakosa gani? Kama ni kitu cha kuchimba ngoja msimu wa baridi, minyoo inakuwa mingi sana, mazao ni karibu hakuna kwa hivyo asubuhi zote ni zako. Zunguka msitu, mlimani na mjini kabla hujashuka machimboni.

#7 · Mwenye uzi (Kisumu)

Nakosa filimbi ya mfupa. Nilikuwa nachimba tu msimu wowote, asante, niko siku ya 9 ya baridi sasa na nimeshaona minyoo mitano leo.

Na asante zaidi kwa ile nyingine, tulienda Jumamosi. Mimi, mama na kijana. Kijana alikuwa amebeba kile kitabu cha mazoezi na kalamu, kila kioo anasimama anasoma kibao anaangalia kama jina liko kwetu. Mama hakuwa anasoma vibao. Alikuwa anaangalia samaki anasema jina kabla hatujafika kwa kioo, na akikosea kidogo anarudi nyuma anaangalia mapezi. Kamongo alimwongelesha. Kwa Ber-gi-dala alikaa chini kwa kivuli na kutuonyesha nyumba ya nani inakaa upande gani wa boma, na kijana akachora hiyo pia, sasa kitabu kimekuwa na sehemu mbili.

Kurudi nyumbani kijana akaniuliza kwa nini kwa kitabu chetu ningu hana picha. Mama akamwambia ningu alikuwa anapanda mito wakati wa mvua kubwa, Machi mpaka Mei, Nzoia, Nyando, Sondu, anaenda kutaga mayai huko juu, na watu wakaweka nyavu pale mto unapoingia ziwani, wakamshika akiwa njiani kabla hajataga. Mama yake mwenyewe ndiye alikuwa anamsimulia, akisema zamani walikuja wengi mpaka majirani wanapewa bure. Mama amekula ningu utotoni, wa kukaushwa kwa moshi. Tulipoandika ile sehemu ya "mara ya mwisho kumwona" alifikiria sana akaacha wazi.

Kijana akasema, baba, huyu ni kama Legend, msimu wa kwanza na mvua. Nikamwambia ndiyo.

#8 · Busia, upande wa Budalang'i

Nimesoma uzi wote na sina hiyo gemu kwa simu lakini nimeshindwa kunyamaza. Sisi tuko kando ya Nzoia. Ningu hajaisha. Si kama zamani, hakuna mtu anaweza kukuambia ni kama zamani, na sokoni huwezi kumkuta amepangwa. Lakini mvua ikipiga sana huko juu na mto ukibadilika rangi, wazee wanaovua na mtego wa kufuma hupata mmoja mmoja. Aprili iliyopita mjomba alileta wawili nyumbani. Nilimshika na mkono wangu, mdomo wake uko chini kama wa kunyonya mawe. Mwambieni mama.

#9 · Mwenye uzi (Kisumu)

Nimemsomea. Ameniambia nisome tena, nikasoma tena, hapo kwa mdomo akasema ndiye. Kijana tayari anachora ule mdomo na anafuta anachora upya. Mama anauliza hao wawili walikuwa na urefu gani, kiganja au mpaka kiwiko, na kama mmoja alikuwa na mayai tumboni. Jibu tafadhali ndugu yangu, nimekaa naye hapa tunangoja.